Shukrani kwa daktari aliyeliokoa gego la mama

Kwa niaba ya familia yetu, namshukuru kwa dhati daktari wa meno wa zamu, ambaye jina lake hatukulipata, aliyelitibu gego la chini la mama yetu badala ya kuling'oa. Picha ya eksirei ilionyesha doa jeupe katikati ya jino, naye akatueleza kwa utulivu kwamba ni kijiwe cha kalsiamu kilichojijenga ndani ya kiini, penye neva na mishipa ya damu. Vijiwe hivyo huongezeka kadiri umri unavyosogea au jino linaposumbuliwa kwa muda mrefu na uozo, na kwa kawaida haviumi vyenyewe. Maumivu ya mama yalitokana na uozo uliokwisha kufika kwenye kiini. Tatizo ni kwamba kijiwe kilikuwa kimeziba midomo ya mifereji ya mizizi. Alikivunja taratibu kwa ncha nyembamba inayotetemeshwa na mawimbi ya sauti, akisimama kila mama alipoinua mkono, hadi mifereji yote mitatu ikaonekana. Kipande kimoja cha manjano, kidogo kuliko punje ya mtama, alituonyesha kwenye pamba. Daktari, uvumilivu ule hatutausahau. Mwenyezi Mungu akujalie afya njema wewe na muuguzi uliyekuwa naye.