Masanduku ya Mji wa Kale yaombewe ruzuku

Mhariri,

Naandika kuhusu ripoti yenu juu ya nyaraka kongwe za Mji wa Kale, Mombasa. Mlitaja unyevu na mchwa, fedha hamkuzitaja. Kwetu lipo sanduku la marehemu babu, limejaa mashairi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Juzi nilifungua daftari moja, ukurasa ukavunjika vidoleni kama papadi.

Ruzuku zipo. British Library ya London ina mpango wa nyaraka zilizo hatarini, ulioanza 2004, na miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imeshapigwa picha kwa ufadhili wake. Karatasi zenyewe hubaki nchini. Kinachosafiri ni nakala ya dijitali. Hili lielezwe barazani, maana wazee wetu (wala siwalaumu) wanachelea kuporwa.

Maktaba zetu na makavazi ya Fort Jesus ziketi na familia, ziorodheshe masanduku, zipate idhini kwa maandishi, ndipo ziombe. Bila orodha, mfadhili atajuaje anaombwa alipie nini?

Mjukuu wa mwenye sanduku,
Kibokoni, Mombasa.