Mpango wa Osaka, someni wote tafadhali
Habari zenu wapendwa, kuhusu siku ya Universal Studios Japan, ile bustani ya burudani, naomba sana tusichelewe, maana Super Nintendo World, lile eneo la michezo ya Nintendo humo ndani, watu wakishajaa huingii hivihivi mpaka uwe na tiketi yenye saa yako ya kuingia, ni bure ila unaichukua kwenye app ya bustani ukishapita getini, so kila mtu aweke app leo na anitumie QR ya tiketi yake niwasajili wote pamoja tusije tukatenganishwa. Humo Nintendo upande wa Donkey Kong ndo mpya, ulifunguliwa Desemba 2024, tuanzie huko kabla foleni haijawa ndefu. Wenye watoto wapimeni kabisa, chini ya sentimita 107 kile kigari cha Donkey Kong hapandi, na asiyefika 122 lazima awe na mkubwa. Saa kumi na mbili asubuhi tuwe lobi jamani.