YAH: Malalamiko kuhusu umbali na muda wa safari ya ndege Mtwara–Dar es Salaam kwenye programu yenu

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Programu yenu ya tiketi inaonyesha kwamba kutoka uwanja wa Mtwara (MYW) hadi Julius Nyerere (DAR) ni kilomita 346, na ndege hutumia dakika 26. Namba zote mbili si sahihi, na kila moja imekosewa kwa njia yake.

Mtwara iko 10°20′ kusi na 40°11′ mashariki; uwanja wa Dar uko 6°53′ kusi na 39°12′ mashariki. Tofauti ya latitudo ni dakika 207 za nyuzi, na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, hizo ni maili 207 za baharini. Ya longitudo ni dakika 59, ambazo kwa kuwa tuko karibu na ikweta hupungua kidogo tu na kuwa maili 58. Tafuteni kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yake: maili 215. Hadi hapo mfumo wenu haujakosea. Umeharibu mwishoni, kwa kuzidisha 215 kwa 1.609, ambacho ni kipimo cha maili ya nchi kavu, badala ya 1.852. Jibu ni kilomita 398. Za barabarani, kupitia Kibiti na Lindi, ni kama 560, na hizo hazihusiani na ndege.

Kwenye muda mmegawa hizo 346 kwa kilomita 800 kwa saa, mwendo wa jeti ikiwa imeshatulia juu. Njia hii huruka ndege za pangaboi pia. Q400 ikikazana hufika kilomita 667 kwa saa, ATR 72 kama 510; kwa kugawa tu zile 398 ni dakika 36 na 47. Bado ndege haijatembea ardhini, kupanda, kushuka, wala kusubiri zamu ya kutua Dar. Ongezeni dakika 20 hadi 25. Hata jeti haiwezi hizo 26, maana safari fupi hivi sehemu kubwa yake ni kupanda na kushuka.

Hasara iko kwenye kuunganisha ndege. Programu inachukua hizo dakika 26 na kumuuzia abiria safari ya nje ya nchi inayoondoka muda mfupi baadaye. Huyo anashukia jengo la pili la abiria, la safari za ndani, anasubiri mzigo, anatoka nje, anakwenda jengo la tatu, la safari za nje, anakuta kaunta imefungwa. Tiketi zimekatwa kila moja peke yake, hivyo shirika la pili halina wajibu naye. Anayegombezwa ni wakala wa hapa Mtwara, kwa kuwa nyie hamna hata dirisha mkoani.

Tunataka kizidisho kibadilishwe, muda usomwe kwenye ratiba ya shirika lenyewe, na programu isiuze muunganiko wa kwenda nje ulio chini ya saa tatu. Abiria walioachwa kwa sababu hiyo warejeshewe nauli. Majibu yaje kwa maandishi.

Wenu katika kazi,
Mawakala wa tiketi za ndege,
Mtwara Mikindani.