Shoga, usilipe kwanza: hesabu ya ile kruzi ya Roma

Tumsifu Yesu Kristo shoga yangu,

Nimepata meseji yako na ile picha ya ofa ya kruzi, safari ya starehe melini, dola 699 usiku saba Mediterania, na nimeona ulivyoandika tulipe leo leo kabla haijapanda. Nakuomba usilipe leo. Sisemi tusiende, natamani kwenda kuliko unavyodhani, ila jana usiku watu walipolala nilikaa na kalamu na daftari na kuna mambo nataka uyasome taratibu kabla hujaigusa ile hela ya alizeti.

Tuanze na hiyo 699. Mimi na wewe tushapanda hizi meli, tunajua hiyo ni bei ya kwenye tangazo, ni ya mtu mmoja kwenye kabini ya wawili, tena kabini ya ndani isiyo na dirisha. Hapo bado kodi na ada za bandari, wakala aliniambia kama dola 150 hivi kwa kila mtu. Bado tipu, hizi wanakata wenyewe kila siku kwenye akaunti yako ya melini upende usipende, piga dola 16 kwa siku mara saba ni 112. Kwahiyo hujaondoka hata Singida stendi ushafika 961. Alafu ndege ya Dar kwenda Roma, maana nataka tuanzie huko kama nitakavyokueleza chini, kupitia Addis Ababa au Istanbul, kwa tarehe za Oktoba nimeona kwenye dola 900 kwenda na kurudi. Viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukiweka gharama za huduma na makaratasi tuseme dola 130. Bima 40. Hoteli usiku mbili kabla ya meli tukilala chumba kimoja 120 kila mtu. Kula na kutembea bandarini tujibane tuseme 150. Jumla ni kama dola 2,300, na tukichukulia dola ni shilingi 2,500 hiyo ni milioni tano na laki saba na nusu, wakati ile ya kwenye tangazo inasomeka kama milioni moja na laki saba na ushee. Umeona tofauti ilivyo?

Mi huwa nagawanya hela yote itakayotoka mfukoni, kuanzia nauli ya treni mpaka chai ya mwisho, kwa idadi ya usiku nitakaolala nje, hapo ndo najua nanunua nini. Hii ya Roma, usiku mbili hotelini na saba melini, inakuja kama dola 255 kwa usiku. Ile ya Durban tuliyozoea inatutoka chini ya nusu ya hela yote hii, kwa sababu Afrika Kusini na Msumbiji hatuombi viza na ndege ni fupi. Sasa sikwambii hivyo ili tuikatae Roma, nakwambia ili tukilipa tulipe tukijua, maana unakumbuka ile asubuhi ya mwisho pale Durban, foleni ya mapokezi, yule baba aliyeshika bili yake anapiga mstari kwa kalamu kitu kimoja kimoja, kahawa, picha, maji ya chupa, kahawa tena, tipu ya kila mtu mpaka mtoto mdogo, na mkewe kasimama pembeni na mabegi hasemi neno. Ile siku niliumia sana kwa ajili yao, walikuwa wamefurahi safari nzima.

Jambo la pili ndo kubwa zaidi, nalo ni ratiba. Umeandika "siku ya tatu tunashuka Roma". Shoga, kwenye mkataba wa tiketi, kampuni karibu zote zimeandika kwamba nahodha anaweza kuruka bandari, kubadilisha siku au kupeleka meli kwingine, na wewe hudai chochote zaidi ya ile ada ya bandari waliyokukata, ambayo mara nyingi wanakurudishia kama salio la kutumia humo humo melini. Na wana sababu, upepo ukivuma vibaya hakuna anayelazimisha meli iguse gati. Ile siku ya Pomene, kule Msumbiji, unaikumbuka, tumeshavaa, kofia kichwani, taulo begani, tumekaa ngazini tunasubiri boti ndogo za kutupeleka ufukweni, ndipo sauti ya nahodha ikaja kwamba mawimbi ni makubwa boti haziwezi kupakia watu salama. Sisi tulirudi juu tukaagiza chai tukakaa tunaangalia bahari, ila yule dada wa meza ya jirani alilia, yeye alikuwa ameilipia safari nzima kwa ajili ya ule ufukwe.

Na siyo hali ya hewa peke yake. Venice tangu Agosti 2021 meli kubwa zimezuiwa kupita pale katikati ya mji, kwahiyo ukisoma Venice kwenye ratiba angalia vizuri, nyingine zinafunga gati Marghera au Trieste au Ravenna, na Ravenna mpaka Venice ni zaidi ya saa mbili kwa basi. Bahari ya Shamu nayo, toka meli zilipoanza kushambuliwa kule mwishoni mwa 2023, zile safari za kutoka Dubai kupitia Suez ambazo zilikuwa na bei nzuri sana zilifutwa nyingi, meli nyingine zikazungushwa chini kote Rasi ya Tumaini Jema bila abiria. Waliokuwa wamekata tiketi ya Misri wakarudishiwa nauli ya meli, lakini tiketi ya ndege uliyonunua mwenyewe kivyako hiyo ni shauri lako na shirika la ndege. Ndo maana nasisitiza bima inayotaja kufutwa kwa safari na kukosa bandari, siyo ile ya bei rahisi ya kuonyesha ubalozini tu.

Sasa nisikilize hapa. Wewe unataka Roma, unataka kusali kanisa la Mtakatifu Petro, miaka yote nakujua hilo ndo ombi lako. Kwa ratiba uliyonitumia, meli inaanzia Barcelona na inapita Civitavecchia siku moja. Civitavecchia siyo Roma, ni bandari iliyo kilomita kama sabini na ushee kutoka Roma, treni inachukua kama saa moja. Meli inafika saa moja asubuhi, mpaka ushuke, upande basi la bandarini kwenda stesheni, usubiri treni, ni saa nne, na jioni unatakiwa uwe umerudi melini kwenye saa kumi na moja, kwahiyo Roma utaiona kwa muda wa saa nne au tano tu, na humo kuna foleni ya ukaguzi pale uwanja wa Mtakatifu Petro ambayo peke yake inaweza kula saa nzima na zaidi. Hapo ni kama meli imefika. Na kama haikufika?

Kwahiyo ushauri wangu ni huu, tutafute meli inayoanzia Civitavecchia yenyewe. Zipo kampuni zinazopandisha abiria bandari tofauti tofauti kwenye mzunguko ule ule, unachagua pa kupandia, Genoa, Marseille, Barcelona au hapo Civitavecchia, na bandari ni zile zile. Tukifanya hivyo Roma tunaifanya kwa miguu yetu kabla ya meli, hakuna nahodha wala upepo wa kutunyima. Tukifika Jumanne tunalala, Jumatano asubuhi tunaenda kwenye hadhara ya Baba Mtakatifu, huwa inafanyika Jumatano anapokuwepo na tiketi zake ni bure, mchana unasali mpaka uridhike, Alhamisi ndo tunapanda treni kwenda bandarini. Baada ya hapo Palermo wakiiruka, Marseille wakiiruka, mimi sina neno, nitakaa juu na kanga yangu nisome. Mahali unapopataka kwa moyo wote pawe nchi kavu mwanzoni mwa safari, pasiwe katikati ya ratiba ya mtu mwingine.

Na kufika mapema kuna faida nyingine, meli haisubiri mtu. Machi 2024 ile meli ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane São Tomé, walikuwa kwenye matembezi waliyojipangia wenyewe wakachelewa, wakaanza kuikimbiza nchi kwa nchi mpaka Senegal ndo wakaipata. Kumbe matembezi ukiyanunua melini na basi likachelewa meli inawasubiri, au wanawafikisha bandari inayofuata kwa gharama zao. Mi naona bandari ya karibu ambapo unatembea kwa miguu tujiendee wenyewe, ni nafuu mno, lakini ya mbali kama Florence kutoka Livorno tulipie matembezi ya melini hata kama bei inauma.

Kuhusu mwezi nashikilia Oktoba. Zabibu za Agosti na Septemba nitakuwa nimeshauza, wewe alizeti imeshaisha, mvua hazijaanza huku kwetu, na kule joto limepungua na watoto wa Ulaya wako shule kwahiyo bei inashuka. Julai na Agosti usithubutu, bei juu na jua la Roma wanavyolisimulia siyo la kusimama nalo foleni na presha yako hiyo.

Wakala muulize maneno haya na akujibu kwa maandishi, siyo kwa simu. Malipo ya mwisho ni lini, maana nyingi ni kati ya siku 75 na 90 kabla ya kuondoka, na kabla ya tarehe hiyo bei ikishuka atatupa bei mpya au hapana. Tukighairi tunapoteza kiasi gani na kuanzia lini. Kabini ni namba ngapi, kwa sababu hizo za bei ya chini kabisa mara nyingi hawakupi namba mpaka mwishoni, wanakuweka popote, na wewe tumbo lako halitaki kule mbele mbele meli inakopanda na kushuka. Mi ningeongeza kidogo tupate ya katikati sitaha ya chini, kabini ya ndani wala hainisumbui, tunalala tu. Balkoni ni hela nyingi kwa watu ambao mchana kutwa hawapo kabini. Na mwambie atupe bei kwa shilingi, toka Machi 2025 hapa nchini hairuhusiwi kutangaza bei kwa fedha za kigeni, ila uliza ametumia rate ipi, maana hapo ndo wanapojiongezea.

Vifurushi vya vinywaji achana navyo. Wewe hunywi, mimi glasi moja siku ya kwanza, na kwenye meli nyingi wakishamuuzia mmoja wa pombe wanataka mtu mzima mwenzie wa kabini hiyo naye anunue. Maji ya kawaida na chai pale kwenye bufee ni bure, tubebe chupa zetu. Intaneti tununue ya simu moja, tuingie kwa zamu jioni. Na simu weka flaiti modi tangu gatini, laini ikidaka ule mtandao wa meli wa satelaiti hakuna bando litakalokuokoa.

Hili la pointi za wateja wa mara kwa mara umeniuliza mara mbili. Pointi zetu zinahesabiwa kwa usiku uliolala, na kuna kampuni ukiwaonyesha kadi ya ngazi uliyofikia kwa kampuni nyingine wanakupa ngazi inayolingana kwao, kwahiyo tuombe hilo kabla ya kulipa, halina gharama. Lakini kulipa laki tatu zaidi ili tubaki na kampuni ile ile kwa sababu ya punguzo la kufua nguo na zawadi ya chokoleti mimi hapana.

Mabegi unajua mwenyewe, ila dawa zako za presha ziwe mkononi, siyo kwenye begi kubwa, begi kubwa huwa linafika kabini jioni kabisa. Pasi na birika acha nyumbani, wanakamata mlangoni kwa sababu ya moto. Beba zile sumaku zenye ndoano, kuta za kabini nyingi ni za chuma, unaning'iniza kofia, taulo, kila kitu. Tangawizi ya kutafuna nitaleta mimi kutoka soko la Majengo. Na tunawe kwa sabuni kila kabla ya kula hata kama wanatupulizia dawa mkononi, ule ugonjwa wa kuhara na kutapika unaosambaa melini hiyo dawa ya kupuliza haiumalizi. Bima soma sehemu ya matibabu, daktari wa meli anatoza kwenye akaunti yako na kadi yetu ya huku hawezi hata kuiangalia, na ya Schengen lazima ifike yuro 30,000.

Viza pia, ratiba nyingine zinapita Tunis, ukitoka Schengen ukarudi unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Tuchague mzunguko wa Italia, Ufaransa, Hispania na Malta tusijisumbue, ila kwenye fomu tuombe ya kuingia mara nyingi hivyo hivyo. Alama za vidole inabidi twende Dar. Wewe njoo kwangu Dodoma siku moja kabla, ulale, alfajiri tunapanda treni ya SGR, 31,000 tu, mwendo wa saa tatu na nusu mpaka nne tuko Dar, jioni tumerudi.

Kwahiyo leo mpigie wakala, mwambie safari ni ile ile ila apandishe Civitavecchia, Oktoba, siku ya Alhamisi au Ijumaa, kabini ya katikati yenye namba, na atume masharti ya kughairi. Akituma nifowadie nisome kwanza. Kama hana ya Civitavecchia usikubali akubadilishie kitu kingine, niachie mimi nimwulize yule wa Dar aliyetushughulikia Durban. Msalimie shemeji, mwambie hesabu yote nimeiandika na nikija Jumamosi nitamwonyesha mstari kwa mstari.

Shoga yako wa Dodoma