Vituo vya runinga vituonyeshe filamu yetu ya Krismasi

Mhariri,

Kila likizo ya Desemba inapokaribia, mashabiki wa filamu hapa Kisumu huanza upya ubishi ambao haujawahi kupata mshindi: ni filamu ipi inayostahili kuitwa ya Krismasi, na je, kati ya zilizotoka miaka ya karibuni, ipo itakayokumbukwa watoto wa sasa watakapokuwa na watoto wao? Nimeusikiliza ubishi huo vibarazani na katika matatu za kwenda Siaya na Busia, na naona pande zote zinapitwa na jambo moja. Filamu haiwi ya sikukuu kwa sababu ya theluji iliyomo, wala kwa tarehe iliyotolewa, wala hata kwa ubora wake peke yake. Huwa hivyo kwa sababu kituo fulani cha runinga kiliamua kuionyesha mwaka baada ya mwaka, msimu ule ule, mpaka watu wakaizoea majumbani mwao. Ndiyo maana lawama za Wakenya kukosa filamu yao ya Krismasi siwatupii watengenezaji wa filamu. Nawatupia wanaopanga ratiba za vituo vyetu.

Chukua mfano wa It's a Wonderful Life, filamu ambayo Wamarekani wengi huitaja kabla ya nyingine yoyote wanapoulizwa kuhusu sikukuu. Iliongozwa na Frank Capra, mhusika mkuu akaigizwa na James Stewart, na ilipotoka mwishoni mwa mwaka 1946 haikurudisha hata gharama zake katika majumba ya sinema. Mwaka 1974 hakimiliki yake ilipaswa kuhuishwa kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya wakati ule. Haikuhuishwa, na vituo vya runinga vikatambua kwamba vinaweza kuionyesha pasipo kulipa ada. Vikaionyesha Desemba hadi Desemba, tena na tena, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba sikukuu haijatimia bila filamu hiyo. Haki zake zilipokuja kudhibitiwa tena katika miaka ya 1990, umaarufu ulikuwa umekwisha kujengeka. Uzembe wa karani na ubahili wa vituo ndivyo vilivyoipa uhai wa pili.

Ajabu ni kwamba hadithi yenyewe ingeweza kutokea Vihiga au Bungoma. George Bailey anaendesha chama kidogo cha akiba na mikopo ambacho kimewawezesha maskini wa mji wake kujijengea nyumba. Fedha za chama zinapotea mikononi mwa baba yake mdogo, mzee msahaulifu, naye George anasimama darajani usiku wa mkesha wa Krismasi akitaka kujitoa uhai. Malaika anamwonyesha jinsi mji huo ungekuwa kama asingezaliwa, na anaporudi nyumbani anakuta majirani wakimiminika, kila mmoja na alicho nacho. Sisi tunaijua shughuli hiyo kwa jina la harambee, na tunajua hata sura ya yule jirani anayetoa kidogo huku akitangaza kwa sauti kubwa.

Home Alone, ya mwaka 1990, haihitaji utetezi wangu. Hata hivyo, huwa sikubaliani na wanaosema kwamba watoto wetu huipendea mitego inayowaangusha wezi wawili tu. Kinachoifanya ieleweke katika maboma ya huku kwetu ni nusu saa ya kwanza: nyumba iliyojaa binamu, ugomvi wa chakula, mtoto anayetumwa kulala juu kwa utundu, na asubuhi yenye haraka ambapo vichwa vinahesabiwa na mtoto wa jirani anahesabiwa pamoja na wa nyumbani. Mtu yeyote aliyewahi kusafiri na ukoo mzima kwenda mashambani tarehe 23 Desemba, nauli ikiwa imepanda maradufu na mizigo ikiwa mapajani, anajua kwamba kumsahau mtoto si jambo la kubuni tu.

Kuhusu Die Hard, ambayo hugawanya vijiwe kila mwaka, sina mengi. Ilitolewa Julai 1988, na mkasa wake unatokea katika karamu ya Krismasi ya ofisini. Anayeipenda na aihesabu. Wengi wetu, kwa kweli, filamu za mapigano za enzi hiyo tulizipokea katika vibanda vya video, na baadaye kupitia sauti ya DJ Afro, ambaye masimulizi yake ya Kiswahili na Sheng yaliwapa mashujaa wa kigeni majina na vituko vya mitaani kwetu. Huo nao ni ushahidi wa hoja yangu, kwa sababu filamu ambazo pengine zingepita kimya zilidumu kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuzirudia mbele ya hadhira ile ile.

Za miaka ya karibuni nazigawa bila huruma. Red One ya mwaka 2024, ambamo Santa anatekwa nyara na Dwayne Johnson anatumwa kumtafuta, ina kelele nyingi na fedha nyingi, na sidhani nitaitazama tena. The Holdovers ya mwaka 2023 ni jambo jingine kabisa. Inamhusu mwalimu asiyependwa, mwanafunzi ambaye mamaye hakumtaka nyumbani sikukuu hiyo, na mpishi anayeomboleza mwanawe aliyefia vitani Vietnam, wote watatu wakibaki katika shule ya bweni Krismasi ya mwaka 1970. Da'Vine Joy Randolph aliyemwigiza mpishi huyo alipata tuzo ya Oscar, na alistahili. Katika nchi ya shule za bweni kama yetu, ningetarajia filamu hii izungumzwe zaidi, lakini haizungumzwi, kwa sababu walioiona ni wenye bando za kutosha au wale waliowekewa kwenye flashi dukani.

Sasa nije nyumbani. Mwaka 2018 mwongozaji Likarion Wainaina alituletea Supa Modo, ambayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin na baadaye ikateuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Jo, msichana wa miaka tisa, anatolewa hospitalini na kurudishwa kijijini kwa sababu ugonjwa wake hauna tiba. Anapenda filamu za mapigano na anaota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Dada yake anaanza kumhadaa kwamba nguvu hizo anazo kweli, kisha kijiji kizima kinaingia katika hila hiyo na kuamua kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Kibanda cha video kimo, na msimulizi wake yumo. Mama anayejaribu kumficha mtoto ndani ili asichoke yumo pia, na ugomvi wake na binti yake mkubwa ndio sehemu ninayoiona bora kuliko zote, kwa sababu wote wawili wana haki.

Nitaambiwa kwamba filamu ya mtoto anayekaribia kufa haifai kuonyeshwa siku ya furaha. Hoja hiyo naisikia, lakini naipinga. Ile ya Capra inaanza na maombi ya watu wanaomlilia mtu anayetaka kujiua, na hakuna aliyeifukuza sebuleni kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, huku magharibi mwa Kenya Desemba haijawahi kuwa mwezi wa vicheko pekee. Ndio mwezi ambao jamaa waliotawanyika hukutana, na kwa kuwa wamekutana, ndipo makaburi hujengewa, ibada za ukumbusho hufanywa, na majina ya waliotutoka hutajwa kabla ya chakula kugawanywa. Familia iliyotoka katika shughuli kama hiyo inamwelewa Jo kuliko inavyomwelewa mtu wa theluji.

Wala tusiambiwe kwamba hadhira haipo. Februari 2018 mji huu wa Kisumu uliandaa onyesho la uzinduzi la Black Panther, kwa heshima ya Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, ambaye familia yake ni ya hapa, na watu walijitokeza kwa mavazi ambayo bado yanazungumzwa. Tulionyesha kwamba tunaweza kuifanya filamu kuwa sherehe. Lakini filamu zetu wenyewe hazipati bahati hiyo. Nawi, ya mwaka 2024, inayosimulia habari za msichana wa Turkana anayetaka kwenda sekondari huku babaye akipanga kumwoza, ilisifiwa ugenini na nyumbani. Mkaazi wa kawaida wa Kondele au Nyalenda akitaka kuiona, aanzie wapi?

Mamlaka ya Mawasiliano ilikwisha kuweka kanuni inayovitaka vituo vitenge angalau asilimia 40 ya vipindi vyao kwa kazi za humu nchini. Kwa macho yangu, sehemu kubwa ya nafasi hiyo hujazwa na mazungumzo ya studioni na muziki, kisha msimu wa sikukuu unapofika tunarushiwa filamu zile zile za kigeni. Sisemi ziondolewe. Ninachoomba ni kituo kimoja, na ingefaa zaidi kiwe KBC kwa kuwa ni cha umma, kizungumze na wenye haki za Supa Modo na kununua kibali cha kuionyesha kila tarehe 25 Desemba kwa miaka mitano mfululizo, bila kuruka hata mmoja. Mwaka wa kwanza huenda watazamaji wakawa wachache. Ule wa tatu, watoto watakuwa wanayajua maneno ya Jo kabla hajayatamka.

Ratiba yenyewe haileti tatizo. Filamu hiyo ina dakika 74, hivyo ikianza mara tu baada ya taarifa ya habari ya saa moja jioni, na taarifa hiyo isipozidi nusu saa, itakuwa imekwisha, pamoja na matangazo machache ya biashara, kabla ya taarifa ya Kiingereza ya saa tatu.

Msomaji wako,
Kondele, Kisumu