Leven Hakuwa Mtu

Mji wa Kale, Mombasa

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Tulipoteremka Ngazi za Leven uliniuliza huyo Leven alikuwa nani. Leven hakuwa mtu bali manowari ya Kiingereza iliyotia nanga hapa Februari 1824, na wa kuulizia ni nahodha wake, William Fitzwilliam Owen.

Alizaliwa Manchester mwaka 1774, akaachwa yatima angali mdogo, akaingia jeshi la majini mwaka 1788. Wafaransa walimteka mwaka 1808 wakamzuia Mauritius hadi 1810. Baadaye alipima Maziwa Makuu ya Kanada, na mwaka 1821 akatumwa kupima pwani za Afrika kwa manowari mbili, Leven na Barracouta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mabaharia walishuka mashuani wakapiga makasia polepole, mmoja akitupa bildi, yaani kipande kizito cha risasi kilichofungwa kamba yenye alama za pima. Kitako cha risasi kilikuwa na kishimo kilichojazwa mafuta mazito ya mnyama, hivyo bildi ilipopandishwa ilikuja na mchanga, tope au chembe za matumbawe, na afisa akaandika kina cha maji pamoja na hali ya chini yake, maana nanga hushika vyema penye tope na huweza kuteleza penye mwamba mtupu. Hayo yalirudiwa kutwa kucha, juani na kandokando ya mikoko, na watu wasijue kwamba homa huletwa na mbu. Waliporudi Uingereza mwaka 1826 walikuwa na ramani za bahari zipatazo 300, lakini zaidi ya nusu ya mabaharia walioondoka nao walikuwa wamekufa. Kila nikiitazama ramani ya zamani ya pwani hii, hesabu hiyo hunijia kwanza.

Hapa Mombasa, Mazrui, ukoo uliotawala mji, walikuwa wakimhofu Seyyid Said, mtawala wa Omani, wakaomba bendera ya Kiingereza, yaani ulinzi wa Waingereza. Owen alikubali kwa sharti kwamba waache biashara ya watumwa, ingawa hakuwa na idhini ya serikali yake. Naamini aliichukia biashara ile kwa dhati, na kwa hilo namheshimu. Lakini aliahidi kisichokuwa chake. London ilikataa, bendera ikashushwa mwaka 1826, na mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji. Luteni Reitz, kijana aliyeachwa hapa kuwa msimamizi, alikufa kwa homa mwaka uleule wa 1824, na hori la Port Reitz ndilo lililobaki na jina lake.

Owen alirudi kupima maji ya Kanada, kwenye Ghuba ya Fundy, akapandishwa cheo kuwa makamu wa admirali mwaka 1854, akafariki Saint John mwaka 1857.

Ukija tena, tushuke ngazi zile maji yakiwa yamekupwa. Nitachukua mshipi na chubwi, tupime kina sisi wenyewe.

Wako daima