Mwanangu, kabla hujalipa ada ya masta

Mwanangu,

Salamu kutoka hapa nyumbani. Sote hatujambo, goti la baba yako limetulia tangu mvua zikatike, na anauliza mchele wa Rujewa unakuja lini.

Ujumbe wako nimeusoma. Unataka kusoma masta ya uhasibu na fedha, uanze mwaka huu huu wa masomo, na unauliza kama niko upande wako. Niko. Baba yako ndiye usiseme, ameshamtangazia shangazi yako na majirani wawili. Furaha yangu mimi ina maswali ndani yake, na nimeona niyaandike kwa sababu kwenye simu nikianza tu kukuuliza jambo, mtandao wako unakata.

Kwanza itoe barua yako ya ajira kwenye faili uisome tena. Imeandikwa Afisa Hesabu Daraja la II. Huku mtaani wanakuita mhasibu, na mimi mwenyewe nikikutaja kwa watu nasema mwanangu ni mhasibu. Ila kwenye muundo wa utumishi hizo ni kada mbili. Afisa Hesabu anaingia kwa digrii kama yako. Mhasibu anaingia kwa digrii pamoja na CPA, ile sifa ya taaluma inayopatikana kwa kufaulu mitihani ya Bodi ya wahasibu. Sasa ukienda ukasoma uzamili, ukarudi na joho na picha ya kutundika sebuleni, Jumatatu utakaa kwenye meza ileile ukiwa Afisa Hesabu mwenye uzamili. Nimefanya kazi na watu wa namna hiyo, wazuri tu, wenye akili, wakisubiri mwajiri aishangae karatasi yao. Mwajiri alikuwa anasubiri karatasi nyingine.

Nakwambia haya wewe uliyenilalamikia Krismasi kwamba vijana uliowafundisha kuingiza malipo kwenye MUSE, ule mfumo wa ulipaji serikalini, sasa wanasaini juu yako. Kilichowapandisha unakijua. Walikaa mitihani ya Bodi, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ambayo ndiyo inayosajili wahasibu na wakaguzi wa hesabu nchi hii. Kwa digrii yako huanzii chini kabisa, unaingilia ngazi ya kati, halafu ya mwisho. Mitihani iko Mei na Novemba. Najua utasema Mei mnahangaika na mwisho wa mwaka wa fedha na Novemba wakaguzi wamejaa ofisini. Ni kweli, na Bodi haitakuja kuihamisha kwa ajili ya halmashauri. Wote waliofaulu walifaulu katika vurugu hizohizo. Chagua Mei, kwa sababu Novemba mkaguzi anaweza kukuita saa mbili asubuhi umletee vocha ya miaka miwili iliyopita, na ile vocha hutaipata kabla ya saa kumi.

Hata ukifaulu, kubadilishwa kada nako si jambo la kuamka asubuhi ukakuta limefanyika. Linahitaji kibali, na nafasi iwe imo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kwenye bajeti. Kwa hiyo siku matokeo yakitoka barua iwe imeshaandikwa. Halmashauri ina watumishi wengi na hakuna mtu Utumishi anayekukumbuka wewe binti yangu.

Basi utaniuliza, mama, kwa hiyo masta ya nini? Hapa nataka unielewe vizuri, nisije nikaonekana bibi kizee anayezuia watu kusoma. Masta naitaka uisome. Nataka ije ikiwa ya pili, au itembee sambamba na Bodi ukiwa umebakiza masomo machache, na nataka uisome ukiwa na swali mkononi. Profesa Mussa Assad alitoka kufundisha uhasibu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaenda kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka 2014, na CPA anayo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna watu wa darasani na watu wa Bodi.

Bodi inakufundisha kiwango kinasema nini na unakitumiaje. Masta, kama umekwenda na akili yako, inakuruhusu uulize kwa nini kiwango kikifika kijijini kinakwama. Nitakupa mfano ambao nimeubeba tangu niko kazini, na sijaona mtu akiumaliza.

Sisi tulianza na hesabu za fedha taslimu. Serikali ikileta saruji na bati za zahanati, ukishalipa umeandika matumizi, mwaka umekwisha, zahanati yenyewe haimo kwenye kitabu chochote isipokuwa kwenye macho ya watu. Baadaye tukaambiwa tunahamia IPSAS, viwango vya kimataifa vya uhasibu wa sekta ya umma, kwa mfumo wa malimbikizo, yaani deni na mali vitambuliwe tangu siku vinapotokea. Tukapewa muda wa mpito. Semina zikawa nyingi, chai na sambusa, tukarudi wilayani. Ndipo tukaambiwa tuthaminishe kila kitu cha halmashauri: shule, zahanati, nyumba za walimu, viwanja, magari yaliyolala juu ya mawe.

Nikaenda kwenye zahanati moja. Mawe ya msingi yalibebwa na wanawake wa kijiji kichwani kutoka mtoni. Mchanga pia. Tofali zilichomwa na kitongoji kimoja na kuni za kitongoji kingine. Fundi alilipwa kwa michango ya kaya, mingine ilitolewa kwa debe la mahindi. Boma lilipofika kwenye lenta likakaa misimu kadhaa ya mvua likiota majani, halafu halmashauri ikaleta bati, mbao, milango na rangi. Mwenyekiti wa kijiji ananionyesha, anajivuna, na ana haki ya kujivuna. Mimi nina karatasi yenye kisanduku kimoja: gharama.

Gharama ipi? Ya halmashauri ni nusu ya juu tu. Kiwango cha 23 cha IPSAS, ambacho nafasi yake inachukuliwa na cha 47 kuanzia Januari 2026, kinasema mali uliyopewa bila malipo uiandike kwa thamani yake halisi ya siku ulipoipokea. Sawa, tofali nitazikadiria, mchanga nitaukadiria kwa bei ya lori. Lakini nguvu za watu, kiwango hicho cha 23 kilisema unaweza kuzitambua na hulazimiki. Basi halmashauri hii ikizitambua na ile ya jirani isizitambue, zahanati mbili zilizojengwa kwa ramani moja zinakaa vitabuni kwa thamani tofauti, uchakavu wake unaandikwa kwa kiasi tofauti, na aliye Dodoma anayesoma jumla haoni chochote. Na zahanati iko kwenye eneo ambalo mzee mmoja alilitoa kwa mdomo, hati hakuna. Mkaguzi akija anaandika hoja: halmashauri haina uthibitisho wa umiliki. Nawe unaijibu hoja hiyo mwaka huu, mwakani, na mwaka wa mbele yake.

Mambo hayo ndiyo yanayofanya halmashauri ikose hati inayoridhisha ya mkaguzi hata kama hakuna shilingi iliyoibwa. Diwani hajui. Akisikia hati yenye shaka anajua mmekula. Mtu atakayekaa chini akachukua kata tatu nne, akahesabu nguvu za wananchi zilivyoingizwa au zilivyoachwa, akaonyesha tofauti inayotokea kwenye taarifa ya hali ya fedha, akapendekeza njia moja ambayo mhasibu wa wilaya anaweza kuifuata bila kuwa na mthamini kila siku, huyo atakuwa ameandika tasnifu ambayo watu wa TAMISEMI wataitafuta. Wewe takwimu zake unazo chini ya meza yako. Omba kibali cha kuzitumia, lakini unazo. Mwanafunzi aliyetoka moja kwa moja chuoni hana, ndiyo maana anaandika juu ya mchango wa udhibiti wa ndani katika utendaji wa taasisi fulani, kichwa cha habari ambacho maktaba zimechoka nacho.

Kuhusu chuo. Mzumbe nina mapenzi nayo, nilisoma pale ikiwa bado Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kabla haijawa chuo kikuu mwaka 2001, kwa hiyo usinitegemee kuwa refa. Uzamili wa uhasibu na fedha unafundishwa pale, na IFM, Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam, pia wanao. Mzumbe wana ndaki Mbeya, na basi kutoka kwako hadi Mbeya ni la asubuhi na kurudi. Ila uliza kwanza kama kozi unayoitaka inafundishwa Mbeya, na kama vipindi ni vya jioni au vya mwisho wa juma, kwa sababu si kila kinachofundishwa Morogoro kinapanda mlima. Usiniletee MBA, ule uzamili wa usimamizi wa biashara, kwa sababu tu ratiba yake ni nyepesi. MBA ni nzuri kwa anayetaka kuendesha kampuni. Wewe umesema unataka siku moja kuwa mweka hazina, na hapo cha kwanza kuulizwa ni CPA, halafu kama unaweza kumweleza Mkurugenzi kwa nini salio la benki haliendani na kitabu.

Kuacha kazi ukasome kutwa, hapana. Hapo sitaficha. Bodi ya Mikopo inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, una mkopo wa ile pikipiki, una mchango wako wa kikundi, na sheria inataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwako. Piga hesabu kama unavyowapigia wengine. Ada ya masta ukitaka kuikopea tena, utakuta nafasi ya kukopa imekwisha. Mimi na baba yako tutatoa ada ya muhula wa kwanza. Tumeuza wale ng'ombe wawili wa Dakawa, na usianze kulia, walikuwa wasumbufu. Nauli na mitihani ya Bodi ni yako.

Tena usijipangie kuandika tasnifu kati ya Julai na Septemba. Mmefunga mwaka tarehe 30 Juni na hesabu zinatakiwa kwa Mkaguzi ifikapo tarehe 30 Septemba. Miezi hiyo ofisi itakumeza. Kusanya takwimu zako humohumo, kwa kuwa ndipo kila faili liko nje ya kabati, ila kuandika anza wakaguzi wakishaondoka.

Kuhusu yule kijana wako anayesema mwanamke mwenye masta haolewi, mwambie mama yako amesema asikutishe na ada asiyolipa.

La mwisho ni barua ya ruhusa. Usikimbilie kulipia fomu kabla jina lako halijaingia kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri, la sivyo utakuwa umejipeleka mwenyewe na hata siku za mtihani utaziomba kwa magoti. Pitia kwa mweka hazina wako kwanza, ndipo Utumishi, ndipo Mkurugenzi. Na usiandike kwamba unaomba kujiendeleza kielimu, kila mtu anaandika hivyo na faili linalala. Andika kwamba hoja za mali zisizo na uthibitisho wa thamani zimekuwa zikijirudia, kwamba utafiti wako utahusu hizo, na kwamba unaomba ruhusa ya siku za vipindi na mitihani bila kuacha kituo. Ukishaiandika nitumie niisome kabla hujaipeleka. Niandikie kwa herufi kubwa, miwani hii si ile ya zamani.

Wako,
Mama